Kimondo Kilichonikuta Juu ya Mnazi

Vijana wa hapa Mnarani wakisikia kwamba nimegema kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, huniuliza maswali mawili. La kwanza, kama nimewahi kuanguka. La pili, kama ni kweli nilikuwa juu ya mnazi jioni ile kilipopita kimondo. Kuanguka nimeanguka mara moja tu, kutoka kitandani. Na la kimondo ni kweli, nilikuwa juu, tena nilikiona vizuri kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki, na mpaka leo sijui niliona nini. Ndiyo maana nimekubali kuwaandikia. Niliyoyaelewa nitawaeleza. Yaliyonitatiza nitayaacha yalivyo, nanyi mtajua wenyewe mtayafanya nini.

Lakini hamwezi kufahamu yaliyotokea bila kujua kwanza kazi yenyewe. Mgema hupanda asubuhi, adhuhuri na jioni, mvua au jua, sikukuu au matanga. Mnazi haujui Jumapili. Kule juu kuna karara, yaani ua la mnazi kabla halijafunguka. Unalifunga kwa kamba, unalivuta siku kwa siku mpaka lielekee chini, unakata ncha yake, kisha unatundika kibuyu chini ya ncha hiyo. Tembo, yaani ile pombe ya mnazi, linadondoka lenyewe. Kila unapopanda unakata tena kipande kidogo kwa kotama, kile kisu chetu kilichopinda, ili kidonda kisikauke. Ukikata kinene, karara linakwisha kabla ya wakati wake. Usipokata, linaziba. Siku hizi naona wenzenu wanapanda mara moja kwa siku, wametundika chupa za plastiki badala ya vibuyu, halafu wanalalamika kwamba mnazi umekuwa mchoyo. Na wapo waliootesha ile minazi mifupi, wanagema wamesimama chini, simu sikioni. Siwalaumu. Magoti yangu yangeipenda sana minazi hiyo.

Mimi nilifundishwa na Mzee Charo, na Mzee Charo hakuwa mwalimu mpole. Hakupanda nawe. Alikaa chini akingoja kile kipande ulichokikata kianguke, akakiokota, akakiinua kwenye jua. Mwanga ukipita, alinyamaza, na kunyamaza ndiko kulikuwa kusifiwa. Mwanga usipopita, angekutukana mpaka ukatamani kubaki hukohuko juu. Alinifundisha kuweka mguu kabla ya mkono, kutopanda shina lililolowa, na kutomkasirikia mdudu yeyote kabla hujajua yuko peke yake au na wenzake. Hili la mwisho nilijifunza vizuri zaidi kutoka kwa nyigu.

Lililo kubwa kuliko yote alilonifundisha halikuhusu kisu wala kamba. Mnazi ni mrefu, na bafu za kwetu hazina paa. Kwa hivyo mgema kabla ya kupanda hupiga hodi kwa sauti, wanaooga wajifunike, na wenye mambo yao ya uani wayamalize. Na akishafika juu, hata kama kuna asiyesikia hodi, mgema haoni. Akiona, hasemi. Anayejulikana kwa kusema hapewi minazi na mtu yeyote. Nilipokuwa bado mwanafunzi, niliwahi kumwambia jirani mmoja kwamba jogoo wake aliyepotea nilimwona uani kwa fulani akinyonyolewa manyoya. Nilidhani nimefanya wema. Ugomvi uliozuka ulifika mpaka kwa chifu, na Mzee Charo akanipokonya kotama, akanifanyisha kazi ya kukatia mbuzi wake majani hadi nilipokoma kulalamika. Hakuniuliza kama niliyoyasema yalikuwa ya kweli. Alijua ni ya kweli.

Sasa nije kwenye jioni yenyewe. Si zamani sana, simu zilikuwa tayari kila mfuko. Mzee Charo alikuwa ameshaacha kazi, amezeeka, macho yake yameingia ukungu, nywele nyeupe pe. Aliishi peke yake katika shamba lake la minazi, kaskazini ya lile nililokuwa nikigema. Mnajua wenyewe huku kwetu mvi zinavyoweza kumletea mzee balaa, akaitwa mchawi. Wakati wa masika mtoto wa Jefwa alikufa, na Jefwa ni mtoto wa nduguye Mzee Charo. Mtoto alikuwa mzima, akashikwa na homa, akaenda. Tangu siku ile watu walianza kusema mambo kwa chini chini. Kwamba mzee huyo huzungumza peke yake. Kwamba macho yake ni mekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, na kuzungumza peke yake alianza tangu alipofiwa na mkewe, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Nilikuwa nimebakisha mnazi mmoja. Jua limezama, mbingu bado ina wekundu. Nikapiga hodi, nikapanda, nikamimina tembo la jioni kutoka kibuyu kilichotundikwa hadi kile cha mgongoni, nikashika kotama nikate. Ndipo kivuli changu kikaanza kutembea.

Sijui niwaeleze vipi jambo hili. Kivuli cha mkono wangu kilikuwa juu ya kuti mbele yangu, cheusi kabisa kama cha mchana, na mkono haukusogea, lakini kivuli kikasogea. Nikafikiri nimepatwa na kizunguzungu. Nikakumbatia shina. Halafu nikatazama juu nikaona taa, na taa hiyo ilikuwa inapita. Kwanza ya kijani, kijani ambacho sijakiona kwenye jani lolote. Kisha nyeupe, hata ukitazama yanauma macho. Kisha ikawa ya rangi ya machungwa, ikakatika vipande, kila kipande na mkia wake, vikafuatana kimya kimya kuelekea kaskazini. Kimya hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Kitu kikubwa namna ile hakikuwa na sauti hata kidogo.

Nikafikiri ni nyaya za stima. Nikafikiri ni ndege inaungua na watu ndani. Nikafikiri ni kiyama, na nikaona aibu kwamba kiyama kimenikuta na tembo mgongoni. Nikaanza kuungama dhambi zangu kwa sauti, na mnazi ule ndio uliozisikia. Na katika fujo hiyo yote ya kichwa changu, macho yangu yaliona jambo moja waziwazi: vipande vile vikateremka, vikaingia katikati ya minazi ya Mzee Charo, vikazimika. Niliviona hivyo kama ninavyoiona kalamu hii mkononi.

Baada ya muda ukaja mshindo. Mnazi ukatikisika, au ni mimi niliyetikisika, sijui. Nilijikunyata, kibuyu kikapinduka, tembo lote likanimwagikia kichwani na shingoni. Nilivyoteremka siwezi kuwaambia, kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka tu niko chini, nimelowa, na mikwaruzo mwili mzima.

Watu walikuwa wameshakusanyika kwenye duka la Bwana Bakari. Bakari ni mtu wa Mambrui, mpole, mcha Mungu, mwenye jibu la kila swali ilimradi usimharakishe. Watu wakamuuliza ni nini kile. Akaeleza alivyofundishwa utotoni, kwamba vimondo hurushiwa mashetani wanaopanda kusikiliza siri za mbinguni. Alisema kwa nia njema, akiwatuliza watoto waliokuwa wakilia.

Jefwa alikuwepo. Nilimwona akilisikia neno lile, na nilimwona akiligeuza. Akauliza kwa upole kabisa: kama kimondo humpiga shetani, basi kilipoangukia si ndipo alipo? Na watu kama watano kwa pamoja wakaelekeza mkono kaskazini. Hata kutoka chini walikuwa wameona vilevile nilivyoona mimi.

Bakari akaanza kusema hapana, hapana, ngojeni, shetani hupigwa hukohuko juu, hapigwi kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyemngoja. Mtu mmoja akachukua panga. Mwingine akaondoka na kidumu cha petroli ya pikipiki. Nami nikafuata, na msiniulize kwa nini nilifuata. Sikujua naenda kumwokoa Mzee Charo au naenda kuona kilichoanguka. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu na sikuweza kuvitenganisha.

Tulimkuta mlangoni, ameshika fimbo, amegeuza sikio kwetu kwa kuwa macho hayakumsaidia tena.

"Watu wote hawa," akasema. "Kuna msiba? Nani amekufa?"

Jefwa alisimama mbele, na sikumwona kama mtu mwenye chuki. Alionekana kama mtu ambaye hajalala tangu masika. Akanigeukia mimi.

"Baba Dama, wewe ulikuwa juu. Sema mbele ya watu. Kile kitu kimeangukia wapi?"

"Mgema hasemi aliyoyaona juu," nikamwambia.

"Hiyo ni ya wanawake wanaooga. Mimi nauliza moto."

Baadhi wakasema ni kweli, hiyo ni ya bafuni tu. Wengine wakasema mila ni mila. Wakabishana, na mimi nikasimama katikati natiririka tembo. Kichwani mwangu mambo yalikuwa hivi. Nikisema kweli, wanamchoma. Nikinyamaza, wameshaelewa, maana ningekuwa sikuona kitu kwake, kwa nini nisiseme? Nikisema nimeona kikienda kwingine, nitakuwa nimedanganya, na uso wangu haujawahi kuficha uongo hata kwa mke wangu. Na lililo baya zaidi, wanangu, ni kwamba nilikuwa najiuliza mimi mwenyewe: hivi kweli kilikuja kumtafuta? Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenilisha, nimesimama mbele yake nikijiuliza hivyo. Nilijichukia na bado nikaendelea kujiuliza.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa imelia tangu nikiwa njiani na sikuishughulikia. Nikaitoa, si kwa ujanja wowote, bali kwa sababu mtu aliyebanwa hushukuru lolote la kumchelewesha. Alikuwa binti yangu Dama, aliyeolewa Adu. Alikuwa anapiga kelele hata Bakari akamsikia, na Bakari akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka spika, akamwomba aseme tena polepole.

"Shikamoo, Mzee Bakari. Naomba mwambie baba tuko salama. Kuna kitu cha moto kimeanguka hapa nyuma ya shamba letu la mahindi, karibu kabisa, tumekiona kwa macho. Wanaume wameenda kukitafuta na tochi."

"Adu?" mtu akauliza. "Adu hii ya Magarini?"

Hakuna Adu nyingine. Kutoka kwetu hadi kule unavuka ule mkono wa bahari wa Kilifi, unapita Malindi, na bado una safari. Watu wakatazamana. Bakari, aliyekuwa hajui kuharakisha, siku hiyo aliharakisha. Akampigia dada yake Malindi. Dada akasema kimetumbukia baharini mbele ya nyumba yao, karibu mno, amefunga madirisha. Yule mwenye kidumu cha petroli akampigia mwanawe aliyepanga chumba ng'ambo ya pili, Kilifi mjini. Mwana akasema kiko nyuma ya nyumba waliyopanga, wapangaji wote wamehama uani. Ikawa kila mtu anapiga simu. Kila ndugu aliyejibu alikuwa na kimondo chake, na kila kimondo kimeanguka nyuma ya nyumba ya ndugu huyo.

Ningependa kuwaambia watu waliona haya wakaomba radhi. Haikuwa hivyo. Walichanganyikiwa, kama mimi. Wengine wakasema vilikuwa vimondo vingi. Wengine wakasema ndugu wa mwenzao ni waongo, ila wao ndio wa kweli. Palizuka ubishi mkubwa kuhusu Malindi na Adu ipi iko mbali, na katika ubishi huo panga likaegemezwa ukutani na likasahauliwa. Bakari akarudia la shetani kupigwa juu, na safari hii akasikilizwa. Mmoja mmoja wakaondoka wakiendelea kubishana njiani.

Akabaki Jefwa. Alisimama palepale, mikono inaning'inia.

"Basi mwanangu aliuawa na nini?" akauliza.

Hakumuuliza mtu maalumu. Bakari, mwenye jibu la kila kitu, alitazama chini. Mzee Charo ndiye aliyesema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kutukana.

"Ningejua ningekwambia, mwanangu. Nami namuuliza Mungu swali hilohilo kila siku. Ndiyo mazungumzo yangu ya peke yangu mnayoyasikia."

Jefwa akafunika uso. Akaondoka bila kuaga, nasi tukamwacha aende.

Miaka iliyofuata, mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua nazi kwangu alinieleza. Kimondo ni jiwe, akasema, linaungua huko juu sana, juu kuliko ndege, na kwa kuwa liko juu hivyo kila mtu huliona kama linaangukia kwake. Alinichorea chini kwa kijiti. Nilifuata mchoro wake vizuri na ninamwamini. Lakini nikifumba macho nakiona bado kikiingia kwenye minazi ya Mzee Charo, si juu yake, si nyuma yake, ndani yake. Sijui macho na mchoro vitapatana lini. Mkikutana na jambo ambalo mmeliona wazi na bado si kweli, msiharakishe kushika chochote mkononi. Ni hilo tu ninaloweza kuwafundisha.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nikaenda shambani kwa Mzee Charo kabla hajatoka nje. Nilikuwa naenda kutafuta kuti lililoungua. Ndiyo, baada ya yote yale. Nikazunguka mnazi hadi mnazi, shingo nyuma, natazama juu. Na kwenye upande wa pili wa shamba nikamkuta Jefwa, naye shingo nyuma. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Tukamalizia safu zilizobaki pamoja, yeye huku, mimi huku. Makuti yote yalikuwa mabichi. Tulipofika mwisho akasimama kidogo, akasema lile kuti kavu la kwenye mnazi wa pembeni linaweza kumwangukia mzee, akapanda akalikata. Kisha akaenda zake.

Mzee Charo nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mbele yake palikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni na wembe mpya bado umefungwa katika karatasi yake. Alinijua kwa mwendo.

"Ninyoe," akasema. "Usibakishe hata moja."

Sikuuliza kwa nini. Tulijua sote wawili. Nikalowesha kichwa chake, nikapaka sabuni, nikaanza upande wa kulia. Mvi zikawa zinaanguka mabegani na mapajani mwake, naye akazipangusa kwa mkono bila kuzitazama, kama mtu apangusaye vumbi la kazi. Nikawa nalia, na nilishukuru kwamba hanioni. Nadhani alijua, kwa sababu wembe ulikuwa unasimama mara kwa mara.

"Tangu jana," akasema, "watu wananiambia kiliangukia wapi. Adu, Malindi, kwangu. Hakuna aliyeniambia kilikuwaje."

Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu kivuli kilichotembea, na ile kijani, na weupe, na vipande vilivyofuatana bila sauti. Alisikiliza mdomo wazi kidogo. Nilipofika kwenye kuungama kwangu juu ya mnazi alicheka mpaka nikaogopa kumkata.

"Kwa hivyo kilikuwa kizuri?"

"Kizuri, Mzee. Sijaona kitu kizuri kama kile maishani mwangu."

Akainua uso mbinguni, akautuliza hivyo, yale macho yake ya ukungu wazi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande mmoja bado mweupe.

"Haya, maliza," akasema. "Wasije wakanikuta hivi."